Mlango wa Vidole Viwili

Kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake, kazi ya wawili mmoja haiwezi, hata awe bingwa vipi. Mkandamize chawa kwa kidole kimoja uone, atakutembelea mpaka kwenye kwapa. Lakini nisipotee, nilitaka kusema habari za Fundi Kufuli.

Huyu bwana alilinda mtandao wa hospitali ndogo ya kina mama. Mtandao ule ulikuwa na ukuta. Si wa matofali, la; ni kama bawabu anayekaa ndani ya kompyuta, anachagua nani aingie na nani arudi kwao. Ufunguo wa bawabu huyo Fundi aliushika peke yake, kama bahili na chumvi yake.

Mkunga mkuu, ambaye ni shangazi yake wa damu, hakumpa raha.

"Siku usipokuwepo, nani atatufungulia?"

"Shangazi, wewe hata simu unaishika juu chini."

"Na wewe nilikushika juu chini ulipozaliwa, ndipo ukalia. Tengeneza."

Fundi akanywea. Akaweka kitufe kimoja tu kwenye simu ya shangazi, cha kumfungulia daktari bingwa wa mji mwingine aone picha za wagonjwa. Shangazi angebonyeza popote alipo, lakini mama wa mapokezi lazima akubali kwa simu yake, na baada ya saa moja mlango ungejifunga wenyewe. Mengine yote yalibaki kwa Fundi.

Basi, asubuhi moja akaletwa mama mjamzito anavuja damu. Picha ikapigwa. Bingwa alipojaribu kuitazama akagonga mwamba, maana siku hiyo alikuwa ofisi ngeni na bawabu hakumtambua. Fundi naye alikuwa kwa daktari wa meno, pamba tele mdomoni. Ukimpigia, anajibu "mmh" tu. Shangazi yuko njiani, anarudi kutoka semina.

Alipopigiwa simu akabonyeza kitufe palepale garini. Simu ikaandika: anasubiriwa wa pili.

"Yaani mimi sitoshi?" shangazi akaiuliza simu, abiria wa jirani akacheka.

Mama wa mapokezi, waliyemwita Taratibu, hakukurupuka. Kwanza alimpigia bingwa kwa namba anayoijua.

"Daktari, ni wewe unayegonga?"

"Ni mimi, mama. Nifungulie, mgonjwa anaisha."

Taratibu akaweka dole gumba kwenye simu yake. Mlango ukafunguka.

"Kondo la nyuma limeziba njia," bingwa akawaambia madaktari wa zamu kwa simu. "Asisukume hata kidogo. Mpasueni sasa hivi."

Shangazi alipofika, kichanga kilikuwa kinalia mpaka madirisha yanaitikia, na mama yake anaulizia uji. Fundi akaingia mbio, shavu limeumuka kama andazi.

"Umechelewa, mwanangu," shangazi akamwambia. "Tumeshafungua, na mlango umeshajifunga."

Fundi akashika shavu lake. Akamtazama shangazi, akamtazama Taratibu, akainua vidole viwili juu.

Naam, kidole kimoja hakivunji chawa.