Hatua ya Nne

Binadamu ana tabia ya ajabu. Akimwona simba hukimbia, lakini akichomwa na kitu kidogo kama punje ya mchele hukipuuza, akasema kitatoka chenyewe. Hakitoki. Hukaa humo ndani kikafanya kazi yake kimyakimya, na siku mwenyewe anapoinama kukitazama, huwa maji yamekwisha kuzidi unga. Wazee waliliona hilo zamani wakalitungia methali fupi. Nitaiweka mwishoni, kwa sababu fundi viatu wa hadithi hii naye aliikumbuka mwishoni.

Fundi huyo alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na nyuma ya kiti chake ilianzia korido ndefu ya saruji iliyofika hadi chumba cha kulala. Alikuwa hodari, na alijijua kuwa hodari, jambo ambalo ni ugonjwa wa aina yake. Viatu vilivyoingia kwake vikiwa vimepasuka vilitoka vikiwa na adabu. Mtu mmoja tu alimshinda, naye ni mkewe. Mke wa fundi viatu alivaa kandambili maisha yake yote. Mumewe alimshonea jozi saba, zote zikaishia juu ya kabati, na majirani walipomtania alijibu kwamba miguu yake haijamkosea mtu hata ifungwe. Kutwa alisikika koridoni, chwa, chwa, chwa, na nyuma yake kucha za Bawabu, mbwa wake wa rangi ya mchanga.

Mke alifariki. Kandambili zilibaki chini ya kitanda na Bawabu akabaki koridoni. Fundi hakuwa mpenda mbwa, lakini yule ndiye kiumbe pekee ndani ya nyumba aliyekuwa akimsubiri mtu yule yule aliyekuwa akisubiriwa na yeye, na kwa hilo walielewana.

Mwaka wa pili wa ujane wake, Bawabu alianza kuchechemea. Daktari wa wanyama, mwanamke mpole asiyependa maneno mengi, alipiga picha akaona saratani ya mfupa. Mguu wa mbele wa kushoto ukakatwa, na baada ya kidonda kupona zikaanza dawa za kutiwa mshipani kila baada ya wiki tatu. Siku ya dawa ya pili daktari alimketisha Fundi akamweleza taratibu. Dawa zile, alisema, huua saratani lakini huua pia askari wa damu wanaopigana na vijidudu, kwa hiyo hata mkwaruzo unaweza kumlaza. Ngozi itakauka na kupasuka. Mguu wa mbele uliobaki sasa unabeba mzigo wa miguu miwili, na ukiharibika huo, hakuna wa kumsimamisha.

"Mzee wangu, kila siku mtazame katikati ya vidole," alisema. "Mfute, mkaushe vizuri. Ukiona wekundu wowote, hata kadoa, usingoje zamu yake ya dawa. Mlete. Na pale nyumbani tandika mikeka, asiteleze kwenye saruji."

Fundi aliitikia yote, na moyoni akacheka hilo la mwisho. Mikeka? Nyumba ya fundi viatu itandikwe mikeka kwa sababu kuna mguu unateleza? Siku ile ile alichukua kipande cha ngozi laini, akapima unyayo wa Bawabu kwa kamba, akamshonea kiatu. Kilikuwa kiatu kizuri, lazima tukubali. Kilikuwa na soli ngumu ya kuzuia utelezi na mkanda wa kufungia juu ya kifundo. Alipoingiza kidole ndani kukikagua, alihisi fundo la uzi wa nta limebaki upande wa vidole. Kwa mteja angelifumua akalificha chini ya bitana, maana ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa na bwana wake: kabla kiatu hakijatoka, kidole kiingie. Lakini jua lilikuwa linazama, na mbwa hasemi.

"Kafundo tu," alijiambia, akamvisha.

Siku ya tatu aliona wekundu kati ya vidole viwili, mdogo kama punje ya dengu. Akakumbuka maneno ya daktari, akayasukuma kando, kwa kuwa zamu ya Bawabu ilikuwa bado zaidi ya wiki mbili. Ngozi ilikuwa imekauka, basi akaipaka mafuta yale yale anayolainishia ngozi za viatu. Ngozi ni ngozi. Kisha akarudisha kiatu, na kwa kuwa mbwa alianza kuurambaramba ule mguu kila kilipovuliwa, aliona heri kisivuliwe kabisa.

Hapo ndipo nyumba ilipoanza kubadilika.

Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo mtaa mzima huwa umenyamaza kwa joto. Fundi alikuwa ameinamia soli, na Bawabu alikuwa akija koridoni nyuma yake. Akazisikia hatua. Ko, ko, ko. Kisha, taratibu, ya nne: chwa.

Mkono wenye sindano ulisimama hewani. Mbwa ana miguu mitatu. Fundi aligeuka, akamwona Bawabu amesimama katikati ya korido, kichwa amekigeuza anatazama nyuma yake, kule chumbani. Hapakuwa na kitu. Mbwa akapiga hatua tena. Ko, ko, ko, chwa. Nywele za Fundi zilisimama, na kabla hofu haijamfikia vizuri machozi yalikuwa yamekwisha tangulia, kwa sababu mlio ule aliujua kuliko jina lake.

Kuanzia siku hiyo aliacha kuwasha redio. Alikaa na kazi mapajani, akisubiri. Kila siku mlio ulizidi kuwa wazi. Mara nyingine Bawabu alisimama ghafla akatazama nyuma, kana kwamba ameitwa. Na sakafuni, palipokuwa pakavu tangu asubuhi, Fundi aliona alama za unyevu, moja moja, zikitoka chumbani hadi kwenye kiti chake. Hakuzifuta. Alizikwepa alipopita, kama mtu anayekwepa nguo ya mwenzake iliyoanikwa.

Jumamosi binti yake alikuja kumtembelea. Hakuwa amekaa hata robo saa akauliza ni harufu gani ile. Fundi akasema ni gundi. Binti akatazama alama za sakafuni, akataka kujua kama mbwa anavuliwa kiatu na mguu wake unatazamwa. Baba akasema zamu yake kwa daktari ni baada ya siku kumi, wataalamu watatazama.

"Baba, nivue mimi sasa hivi. Dakika moja tu."

"Usikiguse." Kisha akashusha sauti. "Nyamaza kidogo usikilize. Mama yako yumo humu."

Bawabu akatoka chumbani polepole, kichwa chini. Ko, ko, ko, chwa. Binti akashika ukingo wa meza. Naye alilelewa na mlio ule. Ndio uliokuwa ukimwambia utotoni kwamba chakula ki tayari, kwamba homa yake itapoa, kwamba mtu anakuja. Aliondoka jioni ile huku analia, bila kuinama, na hilo hajajisamehe hadi leo.

Jumatatu Bawabu hakula. Jumanne alikataa kutoka koridoni, mwili wake ukiwaka kama jiko. Fundi alimbeba hadi kwa daktari, akamweka chini penye vigae ili asukume mlango wa chumba cha matibabu. Mbwa alijikongoja hatua tatu kumfuata.

Ko, ko, ko, chwa.

Fundi alisimama na mkono mlangoni. Mkewe hakuwahi kukanyaga jengo lile. Hakujua hata mtaa wake. Polepole, kama mtu anayelazimishwa, aliinama akatazama, kwa mara ya kwanza katika siku kumi na moja. Soli iliyolowa ilikuwa imenata kwenye kigae, na mbwa alipoinua mguu, ilibanduka kwa mlio wake wa kandambili. Nyuma yake ilibaki alama ya unyevu wenye rangi ya njano.

Daktari alikata mkanda kwa mkasi. Sitaeleza yote aliyoyakuta. Mguu ulikuwa umevimba mara mbili ya ukubwa wake, na usaha umepanda hadi kifundoni. Alikigeuza kiatu ndani nje, akapitisha kidole chenye glavu kwenye mshono, akasimama mahali pamoja.

"Hiki ni nini, mzee wangu?"

"Fundo," alisema Fundi. "Nililiona."

Daktari hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimweleza tu kwamba askari wa damu walikuwa wamepungua mno, sumu ilikuwa imeanza kuingia mwilini, na atajaribu. Bawabu akabaki pale kwa dripu, na Fundi akarudi nyumbani peke yake. Akaketi kwenye kiti chake saa nane mchana. Akangoja hadi saa kumi na moja. Akaenda hata kuzitoa zile kandambili chini ya kitanda na kuziweka katikati ya korido, ingawa alijionea aibu. Nyumba haikutoa mlio wowote. Mkewe hakuwahi kurudi; siku zote zile Fundi alikuwa akimsikiliza mbwa wa mkewe akioza.

Mguu uliokolewa, ingawa vidole viwili vilikatwa. Lakini kwa wiki sita haikuwezekana kutia dawa ya saratani, na saratani haikujua kwamba kuna mapumziko. Picha iliyopigwa baada ya miezi miwili ilionyesha madoa mapafuni. Bawabu alirudi nyumbani kumalizia siku zake. Korido nzima ilikuwa imetandikwa mikeka, na Fundi alipiga magoti kila asubuhi akimfuta kidole kwa kidole kwa kitambaa safi na kumkausha, kazi ya dakika tatu. Mbwa alimwachia mguu wake bila kinyongo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikufa kabla mwaka haujageuka, kichwa chake kikiwa juu ya kandambili moja.

Leo Fundi bado anashona. Kila kiatu kikimalizika hupitisha kidole ndani mara tatu, nne, hadi wateja huchoka kungoja. Mikeka ameikunja, na korido ni saruji tupu. Wapo wanaosema amechanganyikiwa kidogo, kwa sababu saa nane mchana huwaomba watu wanyamaze.

Huzisikia kucha zikija kutoka chumbani, nyepesi, nyuma ya kiti chake. Hageuki. Ko, ko, ko. Hushusha sindano, akafumba macho, akaisubiri ya nne. Haiji. Haijawahi kuja tena. Na katika ukimya ule ambapo ilipaswa kuwepo, fundi viatu hujisemea kwa sauti ndogo yale maneno aliyoyajua tangu utotoni na asiyafuate siku ile moja aliyoyahitaji: mdharau mwiba, mguu huota tende.