Kiboko Alivyoruka Mpaka Kwake

Hodi na hadithi!
Mwitikie, msinikodolee macho: Karibu, ikae.
Hodi tena!
Karibu, ikae.

Asiyeniamini aondoke sasa hivi, mkeka upate nafasi. Mnakijua kile chumba cha kwenye bembea za mjini, unaingia, unafungwa mkanda, kinatikisika mpaka unaapa umeruka angani? Mmeambiwa kilibuniwa na wasomi. Uongo. Kilibuniwa na Pimbi, mnyama mdogo kama paka asiye na mkia, na mimi nilikuwepo. Mimi huyuhuyu niliyeacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu alikuwa ananichelewesha. Wewe Mshindo cheka tu, lakini sikiliza.

Mwaka huo mvua ilikataa. Mito ikawa vumbi. Kikabaki kidimbwi kimoja, na ndani ya kidimbwi Kiboko.

Swala akaja kuomba maji. Kiboko akasema, "Bado sijashiba." Ngiri akaja kuomba maji. Kiboko akasema, "Bado sijashiba." Pimbi akaja kuomba, si ya kwake, ya watoto wake wawili. Zamani walikuwa watatu. Kiboko akatoa pua tu juu ya maji: "Bado sijashiba."

Pimbi hakulia. Alikaa siku nzima anakitazama kile kidimbwi, akagundua jambo. Kiboko alikijua kwa ndani tu. Akienda kula majani alitokea njia ileile, akarudi njia ileile. Ng'ambo ya pili hajawahi kusimama hata siku moja.

Akatuita. Tukafunga magogo yakawa sanduku kubwa lenye dirisha moja, tukaliweka juu ya magogo mengine ya kuviringika. Nje ya dirisha tukashika mkeka mrefu uliopakwa majivu, ndiyo mawingu. Nyani thelathini wa kusukuma. Mbuni wa kupepea. Chura tukamtuma chini ya maji, mtajua kwa nini. Na injini ni mimi, kwa mdomo huuhuu: vuuum.

Pimbi akamwendea Kiboko, akamweleza kuna nchi ina kidimbwi kikubwa kuliko hiki, lakini hakifikiwi kwa miguu. Kiboko akauliza kama akikipata kile atabaki na hiki pia. Akaambiwa vyote viwili.

Akasomewa masharti, kama yale yaliyobandikwa mjini. Usile kabla ya safari. Tumbo litapanda kooni, usiogope. Masikio yataziba, meza mate. Ukihisi unaanguka, huanguki. Wenye mimba hawaruhusiwi, akamalizia Pimbi, huku analitazama lile tumbo.

"Hii ni shibe," akasema Kiboko.

"Basi panda, bwana mkubwa."

Mkanda wa mizizi, kacha. Vuuum. Nyani wakasukuma, gudu gudu, gudu gudu. Mawingu yakapita dirishani. Mbuni akapepea. Sanduku likainama, Kiboko akatapika majani ya siku tatu, akamwita mama yake. Gudu gudu, gudu gudu, tukakizunguka kidimbwi mpaka ng'ambo. Kimya.

"Tumetua," akasema Pimbi.

Kiboko akashuka. Akaona maji, akayaendea. Hapo sote tulibana pumzi. Akitia mguu tu, atapajua kwake.

"Taratibu, bwana mkubwa. Kumbe kina wenyewe. Viboko kumi wamelala chini humo."

Chura akapuliza huko chini: bubu, bubu, bubu.

"Na mgeni hapa hupiga hodi, hukaa mbali, hunywa anachopewa."

Kiboko akayatazama mapovu. Akarudi nyuma. Akasema polepole, "Hodi, jamani."

Tukanywa. Swala akanywa, Ngiri akanywa, watoto wawili wa Pimbi wakanywa. Kiboko alipewa kata moja asubuhi, kata moja jioni. Ngozi yake ikaanza kupasuka kwa jua. Akiomba ya pili, Pimbi alimjibu, "Wenyewe bado hawajashiba." Akiomba kurudi kwao, aliambiwa tiketi yake ilikuwa ya kwenda tu. Basi akawa anatusimulia habari za kwao, maji yake baridi, matamu, si kama haya.

Funzo, wanangu: msidanganye. Mwongo hufa kiu, mkweli hunywa mpaka akashiba. Na mkipanda chochote, fungeni mkanda.

Hadithi inaaga!
Mjibu: Ifike kwao salama.

Ngojeni, msiinuke. Kuna kipande nilikiruka.

Mchana mmoja Pimbi hayupo, Kiboko alinifuata. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe ndiye uliyekuwa injini. Kwetu ni upande gani?"

Kwao kulikuwa hatua ishirini nyuma ya mgongo wake. Nami nilikuwa nimeshakunywa. Lakini nyani walikuwa wanatutazama, nikataka wacheke. Nikanyoosha mkono kule kusiko na hata mti, nikamwambia aende moja kwa moja.

Akaniuliza kama ni mbali. Nikamwambia si mbali. Akanishukuru, akashika njia hiyo.

Nyani hawakucheka.

Siku ya nne mvua ikanyesha.