Mkono Mkuukuu wa Gauni la Ubatizo

Tulieni nyote, na wewe uliyelicheka gauni la mjukuu wangu kanisani usogee karibu, maana haya yanakuhusu. Uliona mkono mmoja mweupe na wa pili umepauka, ukadhani fundi aliishiwa kitambaa. Hakuishiwa.

Hapo kale, huku milimani Iriwanyi, gauni la ubatizo lilikuwa jeupe pande zote. Kila mama alimshonea mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, akalitia lesi, akalipiga wanga wa muhogo na pasi ya makaa hadi likasimama lenyewe. Likishavaliwa siku hiyo moja, liliwekwa kwenye kabati la kioo sebuleni, juu ya vitambaa vya kufuma, pamoja na nywele za kwanza za mtoto zilizofungwa utepe. Mgeni alionyeshwa kabati kabla hajapewa chai. Lakini mtoto akifa, alizikwa na gauni lake, na nyumbani hakikubaki hata kiuzi. Watu waliamini kwamba marehemu huirudia nguo yake.

Mghoi, mke wa Mwadime, alikuwa bado anashona gauni la mtoto wake wa kwanza, Wakesho, homa ilipomchukua mtoto huyo kabla ya kubatizwa. Kina mama walipokuja kulichukua gauni kwa maziko, mkono mmoja ulikuwa bado haujaunganishwa. Ulikuwa mapajani mwa Mghoi, na sindano imo ndani yake. Akaukalia wasiuone.

Wakesho akazikwa na gauni la mkono mmoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini Mghoi alikuwa na uchungu juu ya uchungu: mtoto wake hakufika kanisani, wala jina lake halikutajwa mbele ya watu.

Baadaye akajaliwa mvulana, Kisombe, mtoto wa kulia mchana kutwa. Mama mkwe wake, Bibi Mkawasi, alikuwa mtu ambaye akisema nyumba nzima husimama. Siku moja akitafuta nepi sandukuni, akaukuta ule mkono.

"Kumbe ndio huu unaomliza mjukuu wangu!" akasema. "Dada yake ameifuata nguo yake. Uchome kabla ya Jumapili, mwanangu. La sivyo, hatumsindikizi huyu kanisani."

"Mama, sina kingine cha Wakesho."

"Najua. Choma."

Mghoi akaenda jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga. Akaunusa ule mkono wa gauni, vidole vyake vikakataa kuuachia. Ndipo akawaza: kama Wakesho ameifuata nguo yake, basi na aifuate hadi kanisani. Akalichukua gauni jipya la Kisombe, akafumua mkono mmoja, akaushona ule mkuukuu mahali pake.

Jumapili akamfunika mtoto kwa shali mpaka mbele ya birika la ubatizo. Kasisi alipomwambia amfunue, kanisa zima likaguna. Bibi Mkawasi akatoka kwenye kiti chake. Mghoi akamkumbatia mwanawe, akijua mkono ule utang'olewa mbele ya watu wote.

Bibi Mkawasi akaushika. Akapitisha kidole kwenye mishono, taratibu. Yeye naye alikuwa amezika wawili ujanani mwake, na kabatini mwake hamkuwa na hata kiuzi chao.

"Huyu naye amefika," akasema, na machozi yakamtoka. Kisha akamgeukia kasisi. "Mwaga maji, Baba. Na hapa kwenye mkono yadondoke kidogo."

Kasisi akafanya hivyo. Kisombe akalia kuliko siku zote, kwa sababu maji ya huku kwetu ni baridi.

Na kuanzia Jumapili hiyo hadi leo, gauni la ubatizo Iriwanyi huwa na mkono mmoja mpya, na mmoja uliofumuliwa kutoka gauni la ndugu aliyemtangulia kuzaliwa, awe hai au marehemu. Anayekufa huzikwa na gauni lake, ila mkono mmoja hubaki kwa mama yake. Makabati yetu yamejaa magauni ya mkono mmoja, na hatuoni haya kumwonyesha mgeni.

Kwa hiyo wewe uliyecheka, ukimwona tena mtoto wetu akipelekwa birikani, tazama vizuri. Wanabebwa wawili.