Kiboko na Wakuu wa Mlembule

—Masikio mmekuja nayo?
—Tumekuja nayo!
—Yote mawili?
—Yote mawili!
—Basi yafungueni, nimwage.
—Mwaga!

Hapo kale, ila si kale sana maana kampuni zilikuwepo, Kiboko alikuwa na Kampuni ya Maji yenye matawi kwenye mito saba. Alikoingia Kiboko, bwaa! Maji yote yake, wenyeji wanaachiwa tope. Na tumbo halikujaa.

Siku moja akasikia habari za chemchemi ya Mlembule. Wanyama wa huko hawakuwa na maji mengine. Mkuu pia hawakuwa naye. Walikunywa kwa zamu, basi.

Sasa Kiboko alikuwa mlafi, lakini mwoga. Hakutia mguu mahali bila Korongo, mtaalamu wake wa kupima hatari za kisiasa. Korongo alikuwa na miwani mikubwa na maswali mawili tu: "Nani mkuu hapa? Atakaa mpaka lini?"

Pimbi wa Mlembule, mdogo kama kiatu, aliposikia kampuni inakuja aliogopa kwelikweli. Alikuwa na watoto wanne wa kunyweshwa. Akawaita wenzake, akawaonyesha kigoda kimoja na kofia moja ya manyoya.

"Mimi katibu," akasema. "Ninyi kaeni hapa kwa zamu, kama tunavyokunywa."

Kiboko akaja, puu! puu! puu!, na gunia la matikiti. Kwenye kigoda amekaa Ngiri.

"Shikamoo, mkuu," akasema Korongo. "Utakaa mpaka lini?"

"Marahaba. Maisha!"

Korongo akaandika: hatari ndogo. Ngiri akapokea matikiti, akapiga kwato kwenye mkataba wa miaka tisini na tisa. Kiboko akaenda kuleta mabomba.

Akarudi, puu! puu! puu! Kwenye kigoda amekaa Nungunungu.

"Ngiri yuko wapi?"

"Kaondolewa juzi, bwana mkubwa," akajibu Pimbi. "Na mikataba yake imefutwa. Tuanze upya. Matikiti umeleta?"

"Na huyu atakaa mpaka lini?" akauliza Korongo.

"Maisha!" akasema Nungunungu.

Korongo akaandika: hatari ya kati. Katibu atakaa mpaka lini, hakuna aliyeuliza. Nani anamtazama katibu?

Kiboko akaenda kuleta matikiti. Akarudi, puu... puu... puu..., anahema. Kwenye kigoda amekaa Kobe.

"Nungunungu je?"

"Kaondolewa asubuhi. Mbona mmechelewa?"

Kobe akafungua mdomo aseme "Maisha". Hata hajafika kwenye "sha", kofia fyuu! Iko kichwani kwa Kanga.

"Na Kobe?"

"Kaondolewa sasa hivi, mbele yako," akasema Pimbi, macho kwenye tumbo la Kiboko. "Na serikali mpya inataifisha kila kitu kinene cha kigeni."

Loo! Kiboko alikimbia, puupuupuupuu, akaacha mabomba, akaacha matikiti. Korongo alikuwa keshapaa zamani, miwani imebaki chini.

Ngano yangu imekauka, naikunja. Funzo lake, watoto: nchi isiyo na utulivu haipati wawekezaji. Waoneeni huruma wanyama wa Mlembule. Mpaka leo hawana kampuni, hawana uzio, hawana hata geti lenye mlinzi.

Wana maji tu.