Mkeka wa Ukewenza

Hapo zamani, zamani ya karibu ambayo wenyewe bado wako hai na wanaweza kunisahihisha, palikuwa na wanawake wawili wa Kiuyu, kisiwani Pemba, waliokuwa na mume mmoja. Mke mkubwa ni Bi. Mize binti Makame. Mke mdogo ni Bi. Raya binti Khatibu. Mume alikuwa Mjaka bin Kombo, Mungu amrehemu. Yashikeni majina hayo, maana mtu hawezi kugawa haki kwa majina ya kubahatisha.

Siku Mjaka alipomwambia Bi. Mize kwamba anaoa mke wa pili, Bi. Mize hakulia wala hakutukana. Alichukua ukindu wake, ambao alikwisha kuuanika na kuutia rangi nyekundu na nyeusi, akaketi, akasuka. Jirani akimwuliza, "Hujambo, Bi. Mize?" yeye anasuka. Mume akimwuliza, "Leo tunakula nini?" yeye anasuka. Kwa kuwa alisuka kwa hasira, alikaza. Na kwa kuwa alikaza, ukili ule, yaani ukanda uliosukwa wa kushonea mkeka, ulikuwa mgumu hata ungeweza kutekea maji. Siku ya harusi alilikunja bunda lote la ukili, akalitupa nyuma ya jiko.

Bi. Raya, bi harusi, alilikuta alipokwenda kutafuta kuni. Hakuuliza. Aliazima shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka, na kila alasiri akawa anakwenda kwa jirani kushona ukili kwa ukili, vidole vikimtoka damu, maana ukili wa hasira hauingiliki kwa sindano. Ulipokwisha kuwa mkeka, aliutandika mlangoni kwa mke mwenzake, kisha yeye mwenyewe akakaa kando, mchangani.

Bi. Mize akatoka. Akautazama mkeka. Akautazama mshono. Akaketi. Kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi.

Bi. Raya akainuka mchangani, akaja akaketi. Hiyo ndiyo suluhu yao, na hawakuwahi kufanya nyingine.

Baadaye alikuja Kiuyu mwuguzi wa kujitolea kutoka Japani. Watu wa kule walimwita Haluko. Jina lake hasa ni Nishimura Haruko. Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Alijifunza Kiswahili, na Kipemba akakijua zaidi. Mjaka alikuwa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona, naye akamwuguza hata akatembea. Siku Haruko alipokuwa anaondoka kurudi kwao, Mjaka, kwa shukrani, akaukunja ule mkeka, akampa. Wake zake walikuwa bondeni wakivuna mpunga. Waliporudi, walikuta sakafu.

"Mkeka uko wapi?"

"Nimempa mgeni."

"Ulikuwa wa nani hata ukampa?"

"Wa nyumba."

"Nyumba ndiyo iliyosuka?" akauliza Bi. Mize.

"Nyumba ndiyo iliyoshona?" akauliza Bi. Raya.

Wakamnunia kwa pamoja. Hata katika uzee wake Mjaka alikuwa akisema kwamba hajapata kuwaona wanawake wakipendana kama wake zake mwaka ule.

Mjaka akafariki. Wajane wakabaki na nyumba moja, kuku wale wale, na ugomvi wa kila asubuhi juu ya nani aliyezidisha chumvi. Ndipo ikaja simu ya Haruko. Mkeka wao, alisema, umewekwa katika makumbusho ya sanaa ya kisasa, katika kisiwa kidogo cha Japani kiitwacho Hinashima, na wenye makumbusho wanawaalika waliouunda waje wauone.

Wakaenda, wamevaa mabuibui yao mapya. Wakashuka ndege, wakapanda treni, wakavuka kwa feri, Haruko akiwa mbele yao kama mama mwenye vifaranga vizee. Makumbusho yale ni hoteli pia: wageni hulala humo humo zilimo picha. Kuta zake ni za zege tupu.

"Masikini," akasema Bi. Raya akiupapasa ukuta. "Fundi kakimbia kabla ya kupiga lipu."

"Na pale mtoto wao kachafua ukuta," akasema Bi. Mize akionyesha picha yenye mstari mmoja wa buluu.

"Nyamaza, bi mkubwa. Huenda ndiye mwenye hoteli."

Haruko akacheka hata akaegemea ukuta. Kisha akawaomba wangoje kidogo, amwite mkuu wa makumbusho, Moriyama Kenji, awapokee kwa heshima.

Lakini mbele yao palikuwa na mlango, na mlangoni pamepangwa viatu. Wakachungulia. Ndani ni chumba cheupe, hakina dirisha, ila tundu moja kubwa darini linaloshusha mwanga wa jua. Na katikati ya mwanga ule umetandikwa mkeka.

Mzee mmoja mwenye glavu nyeupe, mlinzi wa chumba, akawaonyesha kwa mkono: vueni viatu. Wakavua.

Sasa nawaambia, na nyinyi mnajua: kwetu, mtu akikuvulisha viatu, na mbele yako pana mkeka, amekwisha kukukaribisha. Bi. Mize akapiga hodi, akaingia, akaketi. Akasogea kidogo. Bi. Raya akaketi.

Mlinzi akaja mbio, ameinama, mikono mbele, akisema maneno mengi kwa sauti ndogo.

"Anatukaribisha," akasema Bi. Raya.

"Watu wa adabu sana hawa," akasema Bi. Mize. "Ahsante, baba. Tumekwisha kukaribia."

Mlinzi akainama zaidi. Nao, kwa adabu, wakainama. Wageni waliokuwa wamesimama pembezoni mwa chumba wakaanza kuinama pia, hata Haruko aliporudi na Moriyama Kenji, chumba kizima kilikuwa kimeinama isipokuwa mkeka.

Haruko akajifunika uso kwa mikono. Moriyama Kenji alisimama mlangoni akiwatazama wale wanawake wawili wakipitisha viganja vyao juu ya ukili, wakiongea kama watu waliomwona ndugu yao aliyepotea.

"Huu hapa mshono wangu. Tazama, haujalegea."

"Ulegee vipi, na mimi nilikaza?"

"Na hii pembe? Nani katia uzi wa buluu? Mshono mbovu huu."

"Mbovu, lakini wa mtu mwenye mapenzi," akasema Bi. Mize.

"Ni wangu," akasema Haruko. "Panya walikula pembe. Sikuwa na ukindu."

Hapo Moriyama Kenji akasema, na Haruko akawafasiria: "Watu wamekuja kutoka nchi nyingi, wamesimama kandokando, wameutazama. Leo ndipo nilipouona ukifanya kazi yake. Onyesho linamalizika leo, na kesho nitaukabidhi mkeka kwa mwenyewe. Nilidhani mwenyewe ni Bi. Nishimura, aliyetuazima. Sasa sijui. Niambieni nyinyi."

Akaanza Bi. Mize, maana ndiye mkubwa.

"Mimi ndiye niliyesuka. Huzuni yangu yote imo humu, ukiikunjua hapa utaiona. Niliutupa, kweli, lakini mtu hutupa kilicho chake. Mume akaugawa bila kuniuliza, na aliyepewa kisicho cha mpaji hakupewa. Mimi ni mzee. Siku yangu ikifika nataka nilazwe juu ya kazi ya mikono yangu. Sina haja nyingine hapa duniani."

Ukimsikia Bi. Mize unasema: basi, ni wake.

Akasema Bi. Raya.

"Bi mkubwa, wewe ulitupa ukili. Mkeka hukuutupa, kwa sababu haukuwapo. Mimi niliokota bunda nyuma ya jiko, nikatoka damu, likawa mkeka. Tena mwenzangu ana watoto wanne na wajukuu wasiohesabika; kila mmoja ana pua yake. Mimi sikuzaa. Nikifa, mtu atasema Raya aliacha nini? Nimeacha huu."

Ukimsikia Bi. Raya unasema: basi, ni wake.

Mwishowe akasema Haruko.

"Mama zangu, nilipewa kwa mkono, na sikujua kwamba hamkuulizwa. Bahari ilipopanda juu ya mji wetu, nilikuwa na mikono miwili tu. Mmoja ulimshika mama, mmoja ulishika mkeka. Tukalazwa sakafuni katika shule, na sakafu ilikuwa maji. Ukili huu haukupitisha hata tone. Mama alifia hapa, katika baridi ile, lakini alikufa akiwa mkavu. Nyumba yetu haipo. Picha zetu hazipo. Kilichobaki kwetu ni hiki mlichokikalia."

Bi. Mize akashika ukili pale alipokaa, akaubonyeza, kana kwamba anatafuta maji.

Ukimsikia Haruko unasema nini?

Moriyama Kenji akauliza, kwa upole, kama mkeka unaweza kugawanywa.

"Mkeka ukikatwa unafumuka," akasema Bi. Mize. "Lakini mshono unaweza kufumuliwa. Kila mtu akachukua ukili wake."

"Na mimi nitachukua nini?" akasema Bi. Raya. "Uzi?"

"Basi, basi, mdogo wangu. Nimesema kwa ulimi tu."

Asubuhi yake, feri ilipopiga honi bandarini, Moriyama Kenji akaja na kitambaa cha kufungia mkeka. Akawakuta wote watatu wameketi juu yake, viatu vyao vimepangwa mlangoni. Mlinzi mwenye glavu alikuwa ukutani, safari hii hakuinama.

"Nimfungie nani?" akauliza Moriyama Kenji.

Bi. Mize alimtazama. Kisha akasogea kidogo, akaacha nafasi. Moriyama Kenji akavua viatu, akaketi, kitambaa mapajani. Feri ikapiga honi tena.

Habari hii nimeipata kwa Bi. Raya mwenyewe, barazani kwao Kiuyu. Nilipomwuliza mkeka ulikabidhiwa nani, alimgeukia mke mwenzake, wakacheka kama wasichana. "Sema wewe kwanza, bwana," akaniambia. "Ungekuwa wewe ndiye mwenye kitambaa?"

Nilinywa kahawa yangu yote nikifikiri, na kikombe kikaisha kabla ya jibu. Aliyesuka, aliyeshona na aliyeokoa: hao hapo wameketi, na feri haingoji. Je, nyinyi mnaonisikiliza, mngemkabidhi nani?