Aliyeiamini Ramani

Mtu mmoja alikuwa na moyo mwepesi wa kusikiliza, na watu wa kata yake wakamchagua kuwa diwani. Jina lake Kiangi. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umekaa chini ya mlima, na kila masika maji yalishuka yakaingia majumbani. Mwaka uliotangulia yalikuwa yameondoka na nyumba mbili na mtu mmoja. Basi baraza likaamua kuchimba mtaro wenye upana wa mita sita kutoka mlimani hadi bondeni. Nyumba zilizo kwenye mstari zingevunjwa kabla ya mvua, na wenyewe wakatengewa viwanja vingine.

Ramani ya mtaro ikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata kwa siku thelathini, ili mwenye pingamizi aandike. Kiangi mwenyewe aliitia sahihi. Nakijwa, mshonaji wa sare za shule, alivaa miwani akaenda kuisoma. Akarudi nyumbani akapima kwa futi yake ya kushonea, kutoka kigingi cha mpima ardhi, kilichoonyesha ukingo wa mtaro, hadi ukutani kwake. Ilikwenda mara tatu. Nyumba ilikuwa salama. Akamshukuru Mungu, akaita fundi, akapiga lipu chumba alichokuwa akikijenga kwa miaka saba.

Wengine hawakupima. Walikwenda kwa Kiangi asubuhi, kabla hajanywa chai. Wa kwanza alikuwa mwenye mgahawa, ambaye mtaro ungepita jikoni kwake. Alilia mbele ya diwani, mtu mzima na mvi zake, na Kiangi hakuweza kuvumilia. Akamwambia mpima asogeze mstari kidogo. Kesho yake akaja mjomba wake, kisha mzee wa kanisa, kisha mama mwenye mapacha. Kila mmoja alikuwa na shida ya kweli, nami sisemi walidanganya. Na kwa kila mmoja vigingi viling'olewa, vikachomekwa hatua mbili upande wa pili.

Mpima alimwonya. Alisema mtaro haupungui upana, ukiutoa huku unaingia kule. Kiangi akamjibu kwamba upande wa kule hajalalamika mtu. Sikilizeni vizuri hapo, maana hapo ndipo alipopotea. Alidhani anayenyamaza haumii. Na ile ramani ya ukutani hakuna aliyeibadilisha.

Wiki mbili kabla ya masika, mawingu yakiwa yameshakaa mlimani, alama ya X nyekundu ikapakwa kwenye lipu mpya ya Nakijwa. Akapewa siku saba. Alipouliza kiwanja chake kiko wapi, akaambiwa viwanja ni vya walioandikwa tangu mwanzo kuwa watavunjiwa, na yeye hakuandikwa. Alikaa kitandani akaitazama cherehani yake mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akaenda nyumbani kwa diwani.

Kiangi aliogopa alipomwona, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Akatafuta moyoni nani wa kumrudishia mstari. Ng'ambo kulikuwa na mgahawa, na mjomba, na mzee wa kanisa, na wale mapacha, na wote alishawapa neno lake. Mtaro ulishaanza kuchimbwa, kupima upya kungechukua mwezi, na mvua isingemngoja. Hapo akamlaumu kwa upole: kwa nini hakuja mapema kama wenzake? Angemsaidia.

Nakijwa akasema, "Mheshimiwa, ile ramani ina sahihi yako. Sikujua kwamba baada ya kuisoma nilitakiwa pia kuja kukuomba."

Siku ya nane tingatinga lilikuja, na kazi ya kuivunja nyumba haikuchukua hata nusu saa. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, maji yakapita mtaroni yakaenda zake bondeni, na mwaka ule hakufa mtu. Nakijwa alihamia kwa dada yake katika mji mwingine. Sijasikia kama bado anashona.

Watu wa mtaa ule humwita Kiangi mtu wa huruma hadi leo, nao wana haki ya kusema hivyo, kwa maana nyumba zao zimesimama. Lakini ninyi mnaowaamulia wenzenu, niambieni: gharama ya huruma ile, aliyeitoa ni nani?