Taa za Mize

Wakati huo kilindini hapakuwa na taa hata moja. Samaki wadogo wa huko, ambao mkubwa wao hazidi kidole, walikuwa weusi tititi tumboni, na weusi huo waliupata kwa Ngisi. Kila jioni, kabla ya kupanda kutafuta chakula, walipanga mstari mbele yake awapake wino. Waliamini kuwa aliye mweusi haonekani. Ndivyo walivyofundishwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza mbona wakipanda mia hurudi sitini.

Mize alikuwa mmoja wao. Jodari alikuwa amemlia watoto watatu, na wote walipakwa wino vizuri, hakuna aliyerukwa. Alibaki na kitinda mimba wake, Riziki, aliyekuwa apande kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Mize alikwisha kulia akachoka. Sasa alikuwa na hasira.

Jioni hiyo wenzake walipopanda, yeye akabaki chini, mahali hasa anapopita Jodari akiwinda, akainua yale macho yake makubwa. Alichokiona kilimkata maini. Maji ya juu yalikuwa bado na mwanga wa jua linalotua, na kila jirani yake alionekana waziwazi, doa la masizi kwenye dari iliyopakwa chokaa. Jodari hakuwa na haja ya kutafuta. Alikuwa akichagua tu.

"Kumbe tunajipaka ili tuonekane!" akasema Mize.

Huko chini palikuwa na vijidudu vya maji vinavyong'aa, ambavyo hakuna aliyevijali. Mize akajisugua kwenye mwamba mpaka wino wote ukatoka, kisha akavibandika vijidudu vile tumboni kimoja kimoja, kwa mistari, kama mtu anayetunga ushanga.

Mzee Makame, mkuu wa kundi, alipomwona kesho yake alicheka nusura avunjike mbavu.

"We Mize, mwanangu, umeona wapi mtu akajificha kwa kuwasha taa?"

"Sijaona, baba. Nitakuwa wa kwanza."

"Na Riziki?"

"Riziki hapakwi wino. Leo napanda peke yangu. Nisiporudi, mpakeni mpaka macho."

Akapanda. Hakufika mbali akasikia maji yakisukumwa chini yake, akajua ni nani. Aliogopa, tusimsingizie ushujaa asiokuwa nao. Kila pezi lilimwambia azime taa akimbie. Hakuzima. Aliutazama mwanga wa juu, na kadiri ulivyofifia naye akazifunika taa zake kidogo kidogo kwa mapezi, zikafifia sawasawa nao. Jodari akainua macho asione doa. Akapita, akarudi, akapita tena, mwishowe akaenda zake na njaa yake. Mize akala akashiba.

Aliporudi, kundi zima lilikuwa linamngoja. Hakuna aliyecheka. Mzee Makame alimzunguka mara mbili, kisha akageuka akampa tumbo lake jeusi.

"Nisugue, mwanangu," akasema. "Anza na mimi."

Riziki alipanda kesho yake, na akarudi.

Tangu jioni hiyo samaki wadogo wa kilindini huvaa taa tumboni. Kila mama aliwapangia wanawe taa kwa pezi lake mwenyewe, ndiyo maana kila ukoo una mistari yake, nao hujuana kwayo hata kwenye giza nene. Ngisi, kwa kukosa wa kumpaka, humwaga wino wake ovyo kila akishtuka. Jodari hula bado, maana hakuna anayeweza kumfunga mdomo, ila sasa hula kwa kubahatisha. Nao wale wadogo wameongezeka hata hawahesabiki, na kila jua linapotua hupanda wote pamoja, juu ya kichwa cha Jodari, taa zikiwa zimewaka.